Kupanda Toubkal ukiwa Morocco: usicheke zile mita 4,167

Wakuu, kama upo Morocco na begi lako mgongoni na una siku tatu za kupoteza, achana na kuzungushwa sokoni Marrakech, nenda kapande Toubkal. Ni mita 4,167, ndo mlima mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini, na najua Mtanzania akisikia hiyo namba anaguna maana Meru tu ya hapo Arusha ina 4,562. Hata mimi niliguna. Niliguna mpaka nilipofika kwenye kokoto, tutafika huko.

Kwanza sheria. Huwezi kupanda peke yako, lazima uwe na muongozaji mwenye kibali, hii imeanza baada ya watalii wawili kuuawa karibu na Imlil, kijiji cha kuanzia kupanda, Desemba 2018. Njiani kuna vizuizi vya askari wanaangalia pasipoti, so usije ukaiacha hotelini eti unaogopa kuipoteza. Muongozaji unampata Imlil kwenyewe au unapanga kabla, ila ongea naye bei yote mapema, chakula, kulala, nyumbu wa kubeba mizigo, kila kitu.

Marrakech mpaka Imlil ni kama kilomita 65, kuna teksi za kuchangia zinaondoka zikijaa, zile zile habari za Noah za kwetu, unabanwa siti ya nyuma unafika Asni halafu unadaka nyingine. Sasa hapa watu wengi ndo wanakosea: wanafika Imlil asubuhi na wanapanda siku hiyo hiyo. Marrakech iko chini ya mita 500, Imlil 1,740, kambi unayolala iko 3,207, yaani unauambia mwili uruke karibu mita 2,700 kwa siku moja na kesho yake alfajiri uongeze zingine elfu moja. Kichwa kitagonga kama kuna harusi ndani. Lala Imlil usiku mmoja, tembea tembea kwenye mashamba ya tufaha, kunywa chai yao ya nanaa, kesho ndo uanze.

Siku ya kwanza sio ngumu, ni ndefu tu, masaa matano sita hivi. Unapita kijiji cha Aroumd, unavuka bonde limejaa mawe, halafu unapandisha taratibu mpaka Sidi Chamharouch. Watu wa pwani hilo jina mnalijua, ndo Shamharushi yule mfalme wa majini, ana ziara yake, yaani mahali patakatifu pa kuzuru, pale chini ya jiwe moja kubwa jeupe. Asiye Muislamu havuki daraja kwenda kwenye ziara, ila juisi ya machungwa inauzwa upande huu kwa wote. Begi kubwa mpe nyumbu (wa kufugwa jamani, sio wale wa Serengeti), analipeleka mpaka kambini. Zaidi ya hapo hapandi, kazi inabaki yako.

Kambini mnalala mmepangana kama dagaa, kuna mtu atakoroma, chukua vya kuziba masikio. Kula hata kama hamu haipo na maji usiache kunywa. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, ila ukianza kutapika au unatembea unayumba, unashuka, hakuna cha nimelipa hela yangu.

Saa kumi alfajiri mnaamka, tochi kichwani, glavu hata kama ni Julai. Mnavuka kijito tu pale nje na kokoto zinaanza hapo hapo. Yaani ni mteremko mzima wa vijiwe vilivyolegea, unakanyaga unapanda hatua moja, unarudi nusu. Dawa yake usikanyage kwa vidole, weka wayo wote, tulia vijiwe vikae, ndo uhamishe uzito, hatua fupi fupi kama bibi anatoka kisimani, na usimfuate mtu kwa karibu maana mawe anayoyaamsha yanakuja kwako. Wale wagumu wa Kili wanavyokwambia pole pole, hapa ndo utaelewa. Masaa matatu manne unatokea kwenye mgongo wa mlima, upepo unakupiga kweli, halafu kile chuma cha pembe tatu kileleni unakiona. Piga picha, kula tende zako (nunua Marrakech, usibebe biskuti), shuka.

Na kushuka ndo mtihani wenyewe. Wengi wanashuka mpaka Imlil siku hiyo hiyo, mita 2,427 kwa magoti yale yale mawili. Kabla hujatoka kileleni kaza kamba za buti pale kwenye kifundo mpaka vidole visigonge mbele, na kucha uzikate siku moja kabla. Mimi sikukata, mbili zilikuwa nyeusi wiki nzima. Kwenye kokoto zama kwa kisigino, goti likunje kidogo, usiegemee nyuma utakalia makalio. Na fimbo za kukodi ziegemee kwa uzito wako wote pale pale dukani kabla hujalipa, maana yangu moja ilikuwa haikazi, kila nikiiegemea inaingia ndani kama antena ya redio, nimeshuka mlima mzima na fimbo moja.

Haya yote ni kwa miezi isiyo na theluji, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi. Katikati ya majira ya baridi zile kokoto zinafunikwa na barafu, unahitaji meno ya chuma ya kufunga chini ya buti na sururu ya barafu, na kama hujawahi kuvitumia, huko sio pa kujifunzia kwa kubahatisha.

Ukirudi Imlil jioni usikimbilie teksi, muda huo abiria wa kuijaza hawapo. Chukua chumba, na uombe cha chini, ngazi hutaziweza.