Shokapu za boda zimechoka na safari ni ndefu, anza hapa

Kama una pikipiki ya Boxer na wiki ijayo unataka kutoka Kampala kwenda Kabale, hiyo ni zaidi ya kilomita 400, usingoje jioni ya mwisho ndio uanze kuangalia shokapu. Fanya siku tatu nne kabla, sababu hata spea mpya inaweza kuwa mbovu, na heri ikusumbue hapa Wandegeya, Kampala, kuliko huko mbele ya Lyantonde giza limeingia.

Anza mbele. Futa bomba za foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ziwe kavu kabisa, kamata breki ya mbele, sukuma pikipiki chini kwa nguvu mara kadhaa halafu inama uangalie. Ukiona duara la oili kwenye bomba basi sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, inavuja, lakini usikimbilie kununua, mara nyingi ni mchanga tu umeingia chini ya mdomo wa sili, hasa kama njia zako ni za vumbi. Kata kipande chembamba cha chupa ya maji, hakikisha kingo hazina makali, inua kale kampira ka juu ka kuzuia vumbi, kipitishe taratibu kuzunguka bomba na utaona uchafu mweusi unatoka nacho. Futa, sukuma tena. Imekauka? Endelea na mengine. Bado inavuja? Badilisha sili pande zote mbili, ila kwanza pitisha ukucha kwenye bomba pale sili inapotembea, ukikwama kwenye vishimo vya kutu ujue sili mpya italiwa tu, dawa ni bomba. Na kama oili imeteremka mpaka ndani ya drum ya breki, breki shuu zilizolowa usizipige msasa ukajidanganya, tupa uweke nyingine.

Foki inataka oili ya foki jamani. Kuna makanika wanamimina ile ya injini iliyobaki kwenye kopo, ni nzito, foki inakuwa ngumu na matuta yakifuatana inachelewa kurudi. Mwaga ya zamani yote, na mpya ipimwe, kulia na kushoto kiwango kimoja.

Kabla hujafunga, weka stendi kubwa, mtu akalie nyuma gurudumu la mbele lielee, shika foki chini uvute mbele na nyuma huku kidole kiko pale foki inapoungana na shingo. Ukisikia tak kwenye kidole ni koni, yaani beringi za shingo ya usukani, zimelegea ama zimekwisha. Mchezo ukiwa chini, kati ya bomba na kikombe chake, hizo ni bushi za foki.

Nyuma ni rahisi. Shokapu yenye oili mwilini imekufa. Ile unayoikandamiza ikaruka juu na kushuka tena badala ya kurudi mara moja ikatulia, nayo imekwisha, imebaki springi tu. Nunua mbili, usichanganye mpya na kuukuu, na ukienda Kisekka, soko la spea pale Kampala, beba ya zamani upime urefu kutoka tundu la juu mpaka la chini, sababu muuzaji atakwambia "inaingia tu ssebo" hata kama haiingii. Raba za kwenye matundu zikipasuka badilisha hizo peke yake, ni bei ndogo. Halafu shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto kulia: likicheza, angalia beringi na bushi za suingi amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma.

Sasa kuchomelea. Kishikio cha mizigo chomelea, stendi chomelea, hata madigadi. Lakini tundu la shokapu lililokatika usichomelee, na shokapu yenyewe usiipeleke kwenye moto, nyingine zina gesi ndani. Suingi amu yenye ufa karibu na ekseli ama pale shokapu inapofungwa, mimi safari naahirisha, sijali nani amekasirika.

Ukibeba abiria na mzigo pandisha ngazi ya springi za shokapu za nyuma, pande zote mbili notchi sawa. Zunguka nayo mjini siku nzima kwenye mashimo, kisha kaza nati zote upya. Njiani beba spana zako na vipande vya mpira wa tyubu, na ukifika Masaka gusa nati za shokapu kwa mkono kabla hujaagiza rolex yako ya chapati na mayai.