Kuhama bila kuvunja sahani wala mgongo

Tangu niolewe mwaka 2003 nimehama mara 5. Mume wangu ni mwalimu wa skuli, na mwalimu huenda anakopelekwa. Nimetoka kwetu Wete, Pemba, nikenda Chake Chake, kutoka hapo Mkunazini ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, kisha Fuoni, Wete tena, na sasa tupo Bububu, Unguja. Juzi mtoto wa kaka yangu alinipigia simu: "Shikamoo shangazi. Nimepata kazi Unguja, nahama na watoto. Nianzie wapi?" Tulizungumza mpaka salio likaisha. Niliyomwambia, na niliyosahau kumwambia, ndiyo haya.

Anzia kwenye nyumba. Wenye nyumba wengi hapa Unguja hutaka kodi ya miezi 6, wengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Ukishaitoa, hata nyumba ikikushinda utabaki humo humo. Kwa hiyo usiridhike kuiona mara moja. Nenda mchana wa jua kali, halafu urudi mvua ikinyesha au ikiwa imekatika sasa hivi. Mimi ya Mkunazini niliiona mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, kuta zimepakwa chokaa nyeupe pe. Ilipoingia masika, ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kutoa chumvi, unga mweupe unaopukutika ukiugusa, na nguo zilizokuwa kabatini zikaota koga.

Sikujua wakati ule, nikaja kuelezwa na fundi mmoja mzee. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka chini, na chokaa huyaachia yatoke polepole kwa upepo. Ukija kuupiga plasta ya saruji, maji hukosa pa kutokea, yakapanda juu ndani kwa ndani. Ndiyo maana ukuta unaweza kuwa mkavu usawa wa magoti na umerowa usawa wa kifua. Basi unapoikagua nyumba, pitisha kiganja nyuma ya milango, chini ya madirisha na kwenye pembe. Vuta pumzi ndani ya kabati la ukutani lililofungwa. Pakiwa na harufu kama ya jamvi lililolala nje usiku kucha, kitafute chumba kingine. Na kama umefukiziwa udi nyumba nzima siku ya kuja kuiona, ngoja uishe urudi tena. Udi naupenda sana, lakini haukaushi ukuta.

Habari ya maji muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba. Kuna mitaa ambayo mfereji hutoka saa 8 usiku tu, na usipoamka kujaza umekwisha. Umeme nao uujaribu: omba namba ya mita ya TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla, nunua kidogo mbele ya mwenye nyumba, uone kama unaingia. Kisha fungua madirisha yote ukae kimya katikati ya chumba cha kulala. Usipousikia upepo kabisa, joto la Januari na Februari litakunyima usingizi, na mtu asiyelala hahami vizuri.

Kwa anayevuka kutoka Pemba, tarehe ichaguliwe kwa kuiangalia bahari. Kusi likishika, Juni mpaka Agosti, bahari kati ya Pemba na Unguja haina huruma. Ukiweza, subiri bahari itulie. Usipoweza, kula kidogo kabla ya kwenda bandari ya Mkoani, mkate mkavu na chai ya tangawizi bila maziwa, ukae katikati ya chombo na si mbele, macho uyatupe mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Mtoto asichezee simu akiwa safarini. Ndicho kinachowatapisha haraka. Tena hili nalisema kwa uzito wake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi chake. Tangu hapo, nikiingia chomboni naangalia kwanza majaketi ya kuokolea yako wapi na yananitosha mimi na wanangu, ndipo natafuta pa kukaa. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Tiketi ni fedha tu.

Sasa kufunga. Watu hukimbilia kununua maboksi na magazeti. Mimi natumia nilivyo navyo. Sahani huzifunga kwenye kanga, moja moja, nikazipanga kwenye ndoo zikiwa zimesimama kwa ukingo kama vitabu. Ukizilaza, ile ya chini hubeba uzito wa zote, na mtikisiko mmoja tu wa gari unaipasua. Chini ya ndoo kunjia taulo, juu yake taulo jingine, ndoo ifungwe kifuniko. Vikombe vya kahawa kila kimoja kinaingia kwenye soksi. Sufuria zisende tupu: zijaze nguo za watoto. Buli la mama yangu, la udongo, lenye mdomo mwembamba, simpi mtu alibebe. Nalijaza pamba ya sufi ndani na kwenye mdomo, nalizungushia mtandio, na safari nzima liko mapajani kwangu.

Mbuzi ya nazi ndiyo inayosahaulika, halafu inachana watu. Chukua kipande kinene cha kumbi la nazi, ukigongomee kwenye yale meno mpaka yazame, kisha zungusha kamba mara 2. Nimemwona hamali akishonwa kiganja kwa sababu ya mbuzi iliyotiwa guniani hivi hivi, na mbuzi ile ilikuwa yangu. Hadi leo nikikumbuka naumia. Na visu vifungwe pamoja, makali yaelekee upande mmoja, ndani ya kitambaa kinene, na uandike juu ya fungu.

Mafuta ya nazi, samli, asali na achari visisafiri na nguo wala karatasi. Nilipotoka Chake Chake niliweka chupa ya mafuta ya nazi pembeni ya sanduku, nikaona imefungwa vizuri. Joto liliyayeyusha yote, kifuniko kikalegea, na kadi ya kliniki ya mwanangu wa kwanza pamoja na cheti chake cha kuzaliwa vikaloa hata maandishi hayasomeki. Nilizunguka wiki kadhaa kutafuta cheti kingine. Tangu siku hiyo karatasi zina mkoba wao: vyeti vya kuzaliwa na vya skuli, hati ya ndoa, vitambulisho, kadi za kliniki, mkataba wa nyumba, dawa za anayetumia dawa kila siku. Mkoba huo haupandi kwenye gari la mizigo. Unavaliwa begani.

Mtungi wa gesi uuze au umpe ndugu, ununue mwingine unakokwenda. Kama unahama mtaa kwa mtaa na ni lazima uuchukue, funga koki, toa mpira, uusimamishe wima nyuma ya keri, gari dogo la mizigo, palipo wazi. Usiutie ndani ya gari mnamokaa watu. Ukishaufunga nyumba mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu madogo yanayokua, gesi inavuja. Usijaribu kwa kibiriti.

Anayehamia ndani ya Mji Mkongwe ajue gari halifiki mlangoni. Mizigo itashushwa barabarani, na kuanzia hapo ni hamali na rikwama lake, mkokoteni wa mkono, kwenye vichochoro. Mapatano ya fedha yafanywe kabla kitu hakijashuka, na mhesabu mafungu pamoja. Pima kitanda na kabati, halafu upime ngazi ya nyumba pale inapokata kona. Samadari letu lilikwama kwenye kona ya ngazi Mkunazini saa nzima, ikabidi livunjwe vunjwe pale pale. Kitanda kifunguliwe nyumbani, na skrubu zake zitiwe ndani ya foronya ya mto utakaolalia usiku huo.

Kabla ya kuondoka, lipa deni la dukani, hata likiwa la mkate mmoja wa boflo. Pita kwa majirani mtakane radhi. Mwone sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, unapotoka na mwone sheha unapofika, kwa sababu siku ukihitaji barua yake hutaki awe ndiyo kwanza anakusikia jina.

Siku ya kuingia ina kapu lake, na hilo hulifunga mwisho na kulifungua kwanza. Ndani mna chandarua, tochi, kibiriti, sabuni, kisu kimoja, sufuria moja, majani ya chai, sukari, msala wa kusalia, na nguo za kulalia za kila mmoja. Jiko la mkaa dogo liko pembeni na mfuko wa mkaa. Wapo wanaocheka kwamba siku hizi umeme upo. Mimi nilikuwa Unguja Disemba 2009, umeme ulipozimika kisiwa kizima ukarudi Machi 2010, nikajua thamani ya jiko la mkaa na taa ya mafuta. Ila mkaa usiuwashe chumbani mlango umefungwa, hata kwa dakika chache, hata mvua ikinyesha. Moshi wake mbaya zaidi ni ule usiouona.

Ukifika, fanya matatu tu: maji, vitanda, chai. Tangi la nyumba mpya usilitumie kabla hujalichungulia. La Fuoni nilikuta mjusi amekufa humo, na mwenye nyumba alikuwa akiniambia maji ni safi. Lisafishwe, lisuguliwe, lijazwe upya, na maji ya kunywa yachemshwe. Tandika vitanda mchana, jua lingali juu, kwa sababu jioni hakuna atakayekuwa na nguvu. Makabati, mapazia na vyombo vya kuonyesha wageni vitangoja. Godoro la sufi lianikwe juani kutwa nzima kabla halijalaliwa, na makabati yakae mbali na ukuta upana wa kiganja ili upepo upite nyuma. Kwenye droo za nguo natia karafuu kavu ndani ya kitambaa, nondo hawaipendi.

Mgongo. Wanawake tunaubeba mzigo kwa kiuno, halafu tunalala wiki. Chuchumaa, ukumbatie mzigo kifuani, uinuke kwa miguu. Ndoo ya lita 20 igawe iwe 2 za nusu nusu, mkono huu na mkono huu. Na aliyejifungua karibuni asiguse kitu, akae na mtoto kwa jirani mpaka kazi iishe.

Kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na ndilo lililonielemea kuliko mizigo. Wiki ya kwanza una shughuli. Wiki ya tatu vitu vyote viko mahali pake, unakaa uwani peke yako alasiri, na moyo unakuwa mzito. Fuoni nilifika kukosa hamu ya kula. Nilidhani nyumba ina mkosi, kumbe nilikuwa nimeacha watu. Kilichonisaidia ni vitu vidogo vya saa maalumu: kila baada ya alasiri nampigia simu mama, kila jioni natembea mzunguko ule ule mpaka njia ikanizoea. Watoto wangu niliwaachia mito yao ya zamani na foronya zile zile, hata kama zilikuwa zimechakaa, wakalala usiku wa kwanza. Na usingoje majirani waje. Pika kitu chepesi, vitumbua au kaimati, mpelekee jirani wa kulia na wa kushoto kwenye sahani unayoipenda. Sahani ikirudi itakuja na kitu, na aliyeileta atakaa kidogo. Kama moyo hautulii baada ya mwezi na zaidi, hulali, huli, mwambie mtu wa karibu na uende hospitali kama unavyokwenda kwa homa.

Mwisho, usiondoke bila mche. Mimi nakata asmini kwa mama, tawi la shibiri moja, si changa wala si kavu, natoa majani ya chini, nalizungushia kitambaa kibichi ndani ya mfuko. Jioni ya kufika nalichomeka kwenye kopo la mafuta lililotobolewa chini, udongo uwe na mchanga kidogo, likae kivulini, na nalinyeshea maji ya kuoshea mchele. Fuoni niliupanda ardhini, ukashika, ukapanda ukutani, nikahama nikauacha unatoa maua. Sasa siutoi koponi.