Somo: Kuokoa barua pepe kutoka kwenye diski ya kompyuta iliyokufa

Kompyuta inapogoma kuwaka, mara nyingi kilichoharibika ni ubao mama au mfumo wa umeme, ilhali diski yenye barua zako ni nzima. Somo hili ni kwa waliotumia Outlook au Thunderbird kwenye Windows. Aliyesoma barua zake kwa kivinjari pekee atazikuta kwenye seva, akiingia kupitia kompyuta yoyote.

Hatua ya 1. Chomoa umeme, toa diski, kisha iunganishe na kompyuta nzima kwa adapta ya SATA na USB, yaani kifaa kinachounganisha plagi ya diski na tundu la USB. Diski ya inchi 2.5 ya kompyuta mpakato hutosheka na umeme wa USB, lakini ile ya inchi 3.5 huhitaji pia volti 12, kwa hiyo nunua adapta yenye chaja yake. Diski ikigongagonga ndani, ichomoe mara moja na umpelekee mtaalamu, kwa sababu kila dakika ya kuzunguka huenda ikazidi kuikwaruza. Windows ikitaka kuifomati, kataa.

Hatua ya 2. Tafuta faili zenye mwisho wa .pst, ambamo Outlook huhifadhi barua. Tangu Outlook 2010 kwa kawaida hukaa Documents\Outlook Files. Kabla ya hapo, kwa Windows Vista na 7, zilikaa AppData\Local\Microsoft\Outlook ndani ya folda ya mtumiaji. AppData imefichwa, hivyo ruhusu kwanza folda zilizofichwa zionekane. Kwa Thunderbird, chukua folda nzima iliyomo AppData\Roaming\Thunderbird\Profiles, wala usichague faili mojamoja.

Hatua ya 3. Nakili kwanza, fungua baadaye. Outlook huandika ndani ya faili inayoifungua, hata kama wewe unasoma tu, na diski iliyochoka haipaswi kuandikwa chochote.

Hatua ya 4. Katika Outlook ya kawaida (classic) nenda File, kisha Open & Export, uchague nakala yako. Ikikataa, irekebishe kwa SCANPST.EXE, ambayo huja na Outlook yenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimekuta .ost tu, hakuna .pst.
Jibu: Hiyo ni nakala ya yaliyomo kwenye seva, na Outlook haiifungui nje ya akaunti yake. Akaunti ikiwa hai, iingie upya, barua zitashuka zenyewe. Ikiwa imefungwa, utahitaji programu ya kuigeuza. Jaribu toleo la bure kabla ya kulipa, maana nyingi huonyesha orodha ya barua bila malipo, kisha hudai fedha wakati wa kuhifadhi.

Swali: Windows inasema sina ruhusa ya kufungua folda.
Jibu: Ingia kama msimamizi wa kompyuta, kisha bonyeza Continue. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kuficha yaliyomo kwenye diski, ni jambo jingine: bila nenosiri lake, itakubidi uwe na ufunguo wa tarakimu 48, ambao wengi huukuta kwenye akaunti yao ya Microsoft.

Swali: Je, nenosiri la barua pepe litahitajika?
Jibu: Halihitajiki, isipokuwa faili yenyewe iliwekewa la kwake. Ndiyo maana fundi unayemwachia diski hiyo anaweza kusoma kila kitu kilichomo.