Picha Zisikae Uvunguni: Namna ya Kuonyesha Kazi Zako na Kuingia Kwenye Kundi la Wachoraji

Kwa miaka minne nilichorea nyumbani, Tabata, na kila picha ilipokauka niliisukuma uvunguni mwa kitanda. Waliokuwa wakiziona ni mke wangu na fundi fremu. Sasa nachora kwenye karakana ya pamoja na wenzangu saba, na mara kwa mara kijana hunijia na simu yake imejaa picha, akiuliza aanzie wapi. Haya ndiyo ninayomwambia. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi.

Hatua ya 1: Toa picha tano

Usichague tano zilizosifiwa na ndugu. Chagua zinazofanana mkono, ili mtu akiziona pamoja ajue ni zako, na moja kati yake iwe haijakwisha. Mchoraji mwenzako akiona kazi ambayo bado iko njiani, anapata mahali pa kuanzia mazungumzo.

Zipige picha kwa simu asubuhi, kivulini, zikiwa zimesimama ukutani. Simu iwe sawa na katikati ya picha, bila flashi, maana rangi ya mafuta hung'aa na kuficha mistari. Pamoja na hizo za simu, beba mbili halisi. Kwenye daladala zifunge zikitazamana, huku umeweka vipande vidogo vya mbao kwenye kona nne ili nyuso zisigusane. Rangi ambayo haijakomaa, kwa joto letu, hunata hata kwenye gazeti. Na usipande saa za watu kwenda kazini.

Hatua ya 2: Tafuta wanapochorea

Wengi hukimbilia duka la picha au siku ya ufunguzi wa maonesho. Siku hiyo kila mtu ana wageni wake. Nenda Jumanne asubuhi, pahali ambapo watu wameshika brashi.

Dar es Salaam unaweza kuanzia Oysterbay, Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye jina la aliyeuanzisha. Ukitaka kuona mitindo mbalimbali, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanzishwa 2008. Pale wasanii wana studio ndani ya makontena. Wachongaji wako Mwenge.

Historia ya Tingatinga naipenda kwa sababu inanihusu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora picha zake mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani, juu ya hadibodi. Alifariki 1972. Ni miaka minne tu, sawa na ile niliyoficha picha zangu. Lakini yeye alikuwa amewakaribisha vijana wachore pembeni yake, wengi wao ndugu zake, akina Simon Mpata, January Linda na Omari Amonde. Wao ndio walioendelea baada yake, wakafanya kazi kwa ubia, na mwaka 1990 ukawa ushirika kamili.

Hatua ya 3: Kaa

Hapa ndipo vijana wengi wanaponipotea. Wanakuja, wanaonyesha simu, wanasifiwa, hawarudi tena. Kundi halikujui kwa picha zako, linakujua kwa kukaa kwako.

Ukifika, amkia wakubwa, sema unatoka wapi, kisha omba: "Mzee, naomba nikae hapa nichore siku mbili tatu." Njoo na kigoda chako, brashi zako na thina yako ya kuyeyushia rangi. Mtu akiwa anawamba kitambaa kwenye fremu, mshikie upande wa pili. Mimi wiki tatu za mwanzo nilipaka rangi ya chini kwenye vitambaa vya wenzangu, na hapo nikajifunza kuipaka nyepesi mara mbili badala ya nzito mara moja, jambo ambalo uvunguni nisingelijua maisha yangu yote.

Mgeni akija kununua kwa mwenzako, usimwonyeshe zako. Subiri mwenyeji akuite. Ukivunja hili mara moja, litakumbukwa.

Hatua ya 4: Uliza swali moja

"Mnaionaje?" huleta jibu la "nzuri." Uliza jambo mahususi: "Huyu ndege anaonekana yuko mbele ya mti au nyuma?" Halafu nyamaza, usijitetee.

Mzee mmoja aliitazama picha yangu ya wavuvi kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye kona ya chini. "Mwanangu, hapa ulichoka." Alikuwa sahihi. Kona ile niliimalizia usiku ili mradi iishe. Tangu siku hiyo huanza na kona.

Kuhusu kuiga: kujifunza mkono wa mwenzako ni halali, ndivyo mitindo inavyorithiwa. Kunakili mpangilio wa picha yake kisha kuiuza meza ya pili ni kumnyang'anya riziki.

Hatua ya 5: Andika

Niliwahi kuacha picha tatu dukani kwa mali kauli, yaani auze kwanza ndipo anilipe, bila karatasi. Mwenye duka alihama, na picha sikuziona tena. Kwa hiyo nunua daftari: jina la picha, vipimo, bei, asilimia ya muuzaji, tarehe, sahihi mbili. Piga saini mbele ya picha na uandike mwaka nyuma.

Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuhusu haki za kazi zako. Kwa sheria yetu, haki ya kazi yako inaanza unapoichora, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Usajili hukusaidia kuthibitisha.

Bei kubalianeni kwenye kundi. Sisi tuna bei ya chini kwa kila kipimo, na hakuna anayeshuka chini yake. Kodi na umeme tunachanga mwisho wa mwezi, na kikoba kidogo hununua rangi kwa jumla.

Hatua ya 6: Onyesheni pamoja

Msingoje ukumbi mkubwa. Onesho letu la kwanza lilikuwa kwenye uzio wa karakana: watu wanane, picha tatu kila mmoja, kamba na vibanio vya nguo. Wekeni katikati ya picha usawa wa macho ya mtu mzima, na kila moja iwe na kikaratasi chenye jina na bei, maana wengi huona aibu kuuliza.

Siku hiyo simama karibu na picha za mwenzako, uzieleze kwa wageni. Yeye atasimama kwenye zako. Alifika mama jirani yangu wa Tabata, miaka sita tunachota maji bomba moja. Alisimama mbele ya wavuvi wangu, akasoma jina mara mbili, kisha akageuka kunitafuta.