Intaneti ya nyumba mpya: uliza kuhusu lipu kabla ya kampuni

Kazi yangu ni kutandaza nyaya za mtandao majumbani, na wenye nyumba mpya karibu wote huanza na swali moja: "Fundi, kampuni gani nzuri?" Nami huwauliza, lipu imeshapigwa? Kampuni ukiichoka unahamia nyingine. Ukuta ukishapakwa rangi, kuupitisha waya ni kazi ya tindo na nyundo.

Kama lipu bado, una bahati. Mwambie fundi umeme aweke paipu tupu ya milimita 25 kutoka pale laini itakapoingilia, iwe ukutani upande wa nguzo au chini ya ardhi, hadi mahali utakapoweka ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na ndani ya paipu aache kamba ya kuvutia. Kona zipinde taratibu. Huenda laini yako ikawa ya faiba, na faiba ni uzi wa kioo unaobeba mwanga. Ukiukunja sana mwanga unavuja pale kwenye kona, ukizidisha unakatika. Paipu ya pili ielekee kwenye paa. Huenda usiihitaji kamwe, lakini siku ukitaka antena au dishi hutatoboa chochote. Piga picha kila ukuta kabla haujafunikwa, na futi ionekane kwenye picha.

Kutoka kwenye ruta, tandaza nyaya za mtandao za shaba, aina ya Cat 6, hadi nyuma ya tivii, chumba cha kazi na dari ya korido. Nyumba ikiwa ya ghorofa, peleka angalau mmoja juu. Waya huo hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, kwa hiyo ndani ya nyumba ya kawaida hauishiwi nguvu. Ila uwe macho dukani, maana kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu tu, na boksi lake linavutia kama la waya halisi. Omba ncha ya waya, kwangua kwa kisu. Ndani ikibaki nyekundu ni shaba. Ikitoka nyeupe kama bati, mrudishie mwenye duka. Na usikubali waya huo upite paipu moja na umeme wa soketi, hata fundi akikwambia haina shida.

Ruta ikae katikati ya nyumba, mahali pa wazi. Najua haipendezi machoni. Wateja wangu hupenda kuificha stoo, ndani ya kabati la chuma au nyuma ya tivii, halafu wanalalamika chumbani Waifai haifiki. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini hufa haraka kwenye zege. Ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi, ila ni ya polepole na yanagombaniwa na vifaa vya majirani. Pale kwenye ruta weka soketi mbili za umeme na nafasi ya betri ndogo ya akiba, kwa sababu kifaa cha faiba nacho kinahitaji umeme wake.

Sasa tuje kwenye laini yenyewe. Kama faiba inafika kwako, chukua faiba. Neno la kuhakikisha ni hilo "inafika". Ramani ya kampuni inaonyesha eneo; wewe unataka kujua umbali kutoka kwenye boksi la nguzo ya karibu hadi ukutani kwako, na kama boksi hilo lina tundu lililobaki. Mengi yana matundu 8 au 16 tu, na yakijaa utasubiri. Nyumba mpya mara nyingi haimo kwenye mfumo wao, kwa hiyo usiishie kutaja mtaa. Simama kwenye msingi wako, chukua nambari za mahali kwenye ramani ya simu, uwatumie hizo. Ukijibiwa "tunakuja huko karibuni", hesabu kwamba haipo.

Laini ya simu ya waya wa shaba itakufaa tu kama kabati la kampuni ya simu, linakotokea waya huo, liko jirani. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo kasi inavyoshuka.

Ruta ya 4G au 5G wengi huipima vibaya. Wanapima kiwanja kikiwa msingi tu, simu inasoma vizuri, wanafurahi. Baadaye linapanda bati, vinaingia vioo vyenye utando wa chuma wa kuzuia joto, na mnara uleule unakuwa hausikiki. Pima nyumba ikiwa imeezekwa na madirisha yamefungwa. Pita kila dirisha na simu yenye laini ya kampuni unayoiwazia, kisha fungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Namba ni za hasi: karibu na -80 ni nzuri, ukikuta -110 utateseka. Rudia kati ya saa 2 na saa 4 usiku, watu wakiwa nyumbani, kwa sababu mnara unagawana kasi kwa wote waliomo. Mawimbi yakiwa hafifu, antena ya nje iliyoelekezwa kwenye mnara husaidia kuliko kununua ruta ghali zaidi.

Ukikosa vyote hivyo kuna setilaiti. Zile za zamani hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi inachukua zaidi ya nusu sekunde. Kwenye simu ya video mtaongea mkikatizana. Za mzunguko wa chini, kama Starlink, ziko karibu kilomita 550, kwa hiyo ucheleweshaji ni mdogo sana. Dishi lake linataka anga wazi, na mti mmoja mkubwa unatosha kukukatia mawasiliano kila mara. Linakula umeme kuliko ruta pia, jambo zito kama nyumba inategemea sola.

Kwenye kasi, kumbuka vifurushi huuzwa kwa megabiti, wakati ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 40 kinakushushia megabaiti 5 kwa sekunde. Video ya kawaida ya HD inatosheka na megabiti 5 hivi, ya 4K kama 25. Familia nyingi zinalipia kasi zisiyoigusa. Mimi ningeuliza zaidi kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma vitu kutoka kwako, hasa ukiwa na kamera za ulinzi au mikutano ya video, na kasi inashuka hadi ngapi ukivuka kikomo cha matumizi. Uliza pia ruta ni ya nani mkataba ukiisha.

Siku ya kufungiwa, usisaini chochote kabla hujachomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya na kupima. Wakikupimia kwa Waifai ya simu, wakatae. Kila ncha ya waya iandikwe inakoelekea, kwa kalamu isiyofutika, fundi akiwa bado yupo.