Kabla hujahamisha video kwenda kwenye rangi
Programu za kuhariri video, hata zile za bei ya kuumiza, ni hodari kwa kukata na kuunga. Zinakuangusha kwenye umaliziaji, hasa unapohamisha kazi kwenda programu nyingine ya kurekebisha rangi. Faili la XML au AAF, yaani lile linaloieleza programu ya pili klipu zimekatwa na kupangwa vipi, hubeba mikato ya kawaida vizuri tu, lakini mwendo unaobadilika kasi, maandishi na vichujio vya kununua pembeni mara nyingi hufika vimeharibika, au havifiki kabisa. Na usitegemee onyo.

Kwa hiyo kwanza toa nakala ya video nzima, timukodi (namba za saa, dakika, sekunde na fremu) ikiwa imechapwa pembeni ya picha. Ukishafungua mradi upande wa pili, weka nakala hiyo kwenye mstari wa juu, kisha badilisha namna ya kuchanganya picha iwe ile ya kuonyesha tofauti (Difference). Picha zikilingana, skrini inakuwa nyeusi, au karibu na nyeusi. Ukiona kivuli cha mtu kinachezacheza, kuna kitu kimehama, hata kama ni fremu moja. (Namba za timukodi zitaendelea kuonekana, zisikutishe.)

Mimi niliwahi kuruka hatua hii. Mruko wa mchezaji niliokuwa nimeupunguza kasi ukarudi kwenye mwendo wa kawaida, na mteja ndiye aliyegundua. Siku hizi klipu za namna hiyo naziandaa mapema: nazitoa kama mafaili mapya ya ProRes (aina ya faili la video la ubora wa juu), kasi ikiwa imo ndani tayari.