Somo: Jinsi ya kuendesha mjadala wa mazingira ndani ya tamasha la ngoma, kwa sisi wa Dodoma

Ndugu zangu, msimu wa matamasha huku kwetu unakuja baada ya mavuno. Mtama ukishaingia ghalani, vikundi vinatoka: muheme (ngoma za akina mama), nindo (nyimbo zetu za Kigogo), zeze, marimba. Tamasha la Muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, pale Chamwino lipo tangu 2009, na sehemu nyingine nako vijana wanatamani la kwao. Waandaaji wengi hupenda kuingiza humo kipengele cha mazingira. Tatizo ni kwamba kipengele hicho mara nyingi hutupwa pembeni: turubai lake, meza yenye kitambaa, wataalamu watatu, na viti vitupu kwa sababu watu wote wako kwenye ngoma. Somo hili linahusu kuuleta mjadala uwanjani penyewe, wenye mambo yao wakazungumza, na ukaisha kwa ahadi inayojulikana ni ya nani.

Hatua ya 1. Chagua swali moja, tena la hapo hapo

"Mabadiliko ya tabianchi na mustakabali wetu" ni mada ya semina. Uwanjani haimshiki mtu. Mtu aliyetembea kutoka kitongoji cha jirani anataka kuulizwa jambo analolijua mikononi mwake. Mifano: Mwakani mama lishe wetu wapike kwa nini? Miti iliyobaki kando ya korongo la kijiji tuilindeje? Maji ya tamasha yatoke wapi, na chupa ziende wapi? Sisi tunaishi kwenye mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Kila swali la kuni, maji au malisho linamgusa mtu moja kwa moja.

Swali lipatikane mapema, kwa kuzungukia watu: kisimani, kilabuni, kwenye mashine ya kusaga. Ukisikia jambo lile lile linarudiwa na watu wasiofahamiana, hilo ndilo swali lako. Liandike kwa sentensi moja isiyozidi pumzi moja.

Hatua ya 2. Panga nani aanze kusema

Hapa ndipo mijadala mingi inapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama swali ni mkaa, mchoma mkaa awepo mbele. Kama ni malisho, mfugaji awepo. Kama ni maji, mama anayeamka alfajiri kufuata ndoo awepo. Wengi tunaogopa kumleta mchoma mkaa tukidhani atazomewa. Mwandae, muahidi mbele ya viongozi wa kijiji kwamba amekuja kusema anavyoishi na hakuja kushtakiwa, kisha mpe nafasi ya kwanza. Akieleza gunia linampa nini, na kwamba siku hizi anatembea umbali gani kupata mti ambao zamani ulikuwa nyuma ya nyumba, hakuna takwimu itakayoishinda hiyo.

Usimsahau mchonga ala. Zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole, ambazo mwanamuziki wetu marehemu Hukwe Zawose alizipeleka hadi kwenye majukwaa ya ng'ambo, zinaanzia kwenye mti, kibuyu na ngozi. Ngoma ya muheme ni gogo lililochimbwa. Muulize mchonga ala hadharani: mti huu unaupata wapi leo, na mjukuu wako ataupata wapi? Swali hilo linaunganisha muziki na mazingira bila kulazimisha, na wapiga ngoma wote watanyamaza kusikiliza kwa sababu ni lao.

Mtaalamu awe mmoja, na aseme mwisho. Kazi yake ni kujibu yaliyosemwa. Akianza yeye, wananchi wataona majibu yameshatolewa na watakaa kimya kwa heshima.

Hatua ya 3. Saa na mahali

Weka mjadala katikati ya ngoma mbili ambazo watu wanazisubiri, saa kumi hivi alasiri, jua linapoanza kulegea. Saa saba mchana hakuna atakayekaa, na upepo wa Julai na vumbi letu mnavijua. Dakika 40 zinatosha. Watu wakae mduara ule ule wa ngoma, wazee kwenye mabenchi, wengine chini. Usipandishe wazungumzaji jukwaani.

Vipaza sauti viwe viwili: kimoja cha wazungumzaji, kingine kitembee kwa watu na kibebwe na dada anayefahamika kijijini. Nimeona mara nyingi kipaza sauti kikibebwa na kijana wa kiume, kinaishia kwa wanaume.

Lugha iwe Kigogo na Kiswahili, au Kirangi ukiwa Kondoa, au Kinyaturu ukivuka kwenda Singida. Mwongoza mjadala ajue zote mbili na awe na ujasiri wa kumkatiza mkubwa kwa adabu.

Hatua ya 4. Vikundi vipewe swali, visipewe maneno

Wiki mbili kabla, peleka swali kwa vikundi viwili au vitatu na uwaombe watunge. Usiwaandikie "tunze mazingira, tunze mazingira". Nyimbo zetu zina anayeanzisha na wanaoitikia, na ndani ya mpangilio huo mtunzi anaweza kumsema mtu, kumsifu, kumuuliza na kumchekesha mambo ambayo mkutano wa hadhara hauwezi. Wimbo mmoja ufungue mjadala, mwingine uufunge. Na walipwe kwa kutunga. Kazi ni kazi.

Hatua ya 5. Onyesha kitu

Maneno peke yake yanachosha. Bahati yetu ni kwamba mkoa huu una somo linaloonekana kwa macho: kisiki hai. Mashamba mengi ya Dodoma yana visiki ambavyo juu vinaonekana vimekufa lakini chini mizizi iko hai, na kila masika vinachipua. Taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi wameeneza njia hii mkoani kuanzia 2018, na haihitaji miche wala kumwagilia.

Tafuta kisiki kilicho karibu na uwanja. Baada ya wazungumzaji wa kwanza, watu waende kukiona, na mkulima anayejua aonyeshe: chagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, pogoa mengine na matawi ya chini, funga kitambaa kwenye yaliyobaki ili kila mpita njia ajue mti huu una mwenyewe, kisha uulinde dhidi ya mifugo na moto. Matawi yaliyopogolewa yanakuwa kuni. Mama akiona ameondoka na kuni na mti umebaki, mjadala umeshapata nusu ya jibu.

Hatua ya 6. Tamasha lenyewe liwe safi

Huwezi kujadili taka umesimama juu ya taka. Katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea lilianza Juni 1, 2019, na kweli mifuko ile ilipungua machoni. Chupa za maji hazikuguswa, na ndizo zinazojaa kwenye mitaro baada ya kila shughuli. Weka simtanki la maji salama lenye mabomba kadhaa, tangaza mapema kila mtu aje na kikombe au chupa yake, na mpe kijana mmoja kazi ya kusimamia hapo tu. Chakula kiwe kwenye sahani za kuoshwa. Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza, waliacha kuuza vinywaji vya chupa za plastiki za kutupa mwaka 2019 na watu wakaendelea kujaa. Sisi wenye mazoea ya kata na mtungi hatushindwi.

Vibali ni vya kawaida: mtendaji wa kijiji, afisa utamaduni wa wilaya, polisi, na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Anza mapema, basi.

Hatua ya 7. Ahadi iwe na mwenyewe

Maazimio yasizidi matatu. Yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya bango mbele ya watu, kila moja likiwa na jina la mtu na mwezi. "Jamii ihamasishwe" si azimio. "Mwenyekiti wa kitongoji fulani na kikundi fulani cha muheme watapogoa visiki vya kando ya korongo kabla ya mwisho wa Oktoba", hilo ni azimio.

Kisha lipelekwe panapo nguvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji, na halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, zikajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa wilayani. Mkutano mkuu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mtendaji azimio lenu liwe ajenda ya mkutano unaofuata, na waliotunga wimbo waje kuuimba pale.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kongwa: Mwalimu, asante kwa somo. Mdhamini wetu anauza maji ya chupa. Tukiweka simtanki si tutamkimbiza?

Jibu: Kaa naye kabla hamjatia saini. Mwombe alete maji kwenye madumu makubwa ya lita 20 yanayorudishwa, na bango lake libaki pale pale. Akisisitiza chupa ndogo, mkataba useme atalipa vijana wa kuzikusanya na kuzipeleka kwa wanunuzi wa plastiki, siku hiyo hiyo. Ila kwenye mjadala wa taka asiwe mzungumzaji.

Mama lishe wa Mpwapwa: Sisi tunasikia mkaa umekatazwa. Mkitusimamisha mbele za watu si mtatukamatisha?

Jibu: Hapana mama, na nakushukuru umeuliza. Agizo la Serikali lililotoka lilihusu taasisi: zile zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na zinazopikia zaidi ya 300 kufikia Januari 2025. Yaani shule, vyuo, magereza na kadhalika. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Wewe unaingia huko polepole, na jukwaa la tamasha ni mahali pa kusema unachohitaji: bei ya kujaza mtungi wa gesi, mkopo wa jiko, mahali pa kununulia. Siku ya tamasha mwandaaji akodishe majiko makubwa ya gesi mawili mpike kwa zamu, au walau awape majiko banifu. Gharama hiyo iwe ya mwandaaji, isiwe yenu.

Mfugaji wa Kondoa: Kila mjadala wa mazingira sisi ndio wakosaji. Kwa nini nije?

Jibu: Mzee wangu, una haki ya kuuliza, hasa wewe wa Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyokuwa yamekatwa na makorongo. Nyasi na miti ikarudi, hilo linaonekana hadi leo. Lakini waliohamisha ng'ombe wao walibeba mzigo mzito, na sauti zao hazikupewa uwanja. Ndiyo maana nasema mfugaji aanze kusema. Ueleze wewe njia za mifugo zilikuwa wapi, zimezibwa na nini, na malisho ya kiangazi mnayatafuta wapi. Mwandaaji asiyekubali uanze kuzungumza, usiende kwake.

Mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): Kaka, tunapimaje kama tamasha limepunguza uchafuzi kweli?

Jibu: Mizani ya kupimia mazao inatosha. Pimeni magunia ya taka jioni, plastiki peke yake, mabaki ya chakula peke yake, mwandike ubaoni. Andikeni lita za mafuta ya jenereta. Halafu ulizeni watu langoni wamekuja na nini. Huko Uingereza matamasha yaliyopimwa yaligundua kwamba sehemu kubwa ya hewa ukaa inatokana na safari za wahudhuriaji, kuliko umeme wa jukwaa. Kwetu wengi wanakuja kwa miguu na baiskeli, hiyo ni sifa, iandikwe. Wanaotoka mjini wapangiwe basi moja badala ya gari kumi. Mwaka unaofuata mtakuwa na cha kulinganisha.

Mwanachama wa Manyoni: Mgeni rasmi akifika anachukua saa nzima. Mjadala wa dakika 40 unamezwa. Tumfanyeje bila kumvunjia heshima?

Jibu: Barua ya mwaliko iseme wazi: mgeni rasmi anaombwa kupokea maazimio ya wananchi na kuyajibu kwa dakika tano. Mpe heshima ya kupokea, akabidhiwe bango mkononi na mzee wa kijiji, kikundi kikiwa tayari na ngoma nyuma yake. Ukimwalika "kuhutubia", atahutubia. Na ratiba yenye dakika impelekee msaidizi wake siku moja kabla.

Mwanachama wa Bahi: Sisi tumeshaandaa miche 200 ya kupanda siku ya tamasha, Julai. Vipi?

Jibu: Dada, msiipande Julai, itakauka wote mkiiangalia. Ibaki kitaluni chini ya kivuli, imwagiliwe, na siku ya tamasha watu wajiandikishe: nani anachukua mche gani na ataupanda wapi. Mashimo yachimbwe Oktoba na Novemba. Mvua ya kwanza ya kushika ikinyesha Desemba, mtendaji apige mbiu na kila aliyejiandikisha afuate mche wake. Siku ya tamasha fanyeni kisiki hai, hicho Julai kinafaa. Na daftari la majina likae kwa mtu mmoja tu, asiyehamahama.